Cecily wa Virginia, bibi yangu wa Usoke, na hesabu ya waume

Mhariri,

Nimezika waume watatu. Watatu, siyo watano kama wanavyosema sokoni, na siyo wanne kama alivyotamka kijana mmoja mbele yangu mwezi uliopita, amekaa kwenye kiti changu, kikombe cha chai yangu mkononi. Naomba nafasi katika gazeti lako niiweke sawa hesabu hiyo. Nikishamaliza, nataka niwasimulie wasomaji habari za mwanamke mwingine, aliyeishi Marekani miaka 400 iliyopita, ambaye naye aliongezewa waume na watu wasiomjua.

Kilichonifanya nishike kalamu ni barua iliyotoka ukurasa huu huu wiki chache zilizopita. Mwandishi wake aliwaonya vijana wasimwoe mjane aliyefiwa zaidi ya mara moja, akasema wanawake wa namna hiyo wana nyota nzito na ni wala waume. Barua hiyo ilisomwa hapa mtaani kwetu Isevya kwa sauti, barazani, na walioisoma walijua mimi nimekaa upande wa pili wa ukuta nachambua mchele. Siku nne baadaye watoto wa jirani yangu, mzee mwenzangu aliyefiwa na mkewe na ambaye ameleta posa kwangu kwa heshima zote, walikuja wanne kwa pamoja kuniomba niikatae posa ya baba yao. Hawakunitukana. Waliniita mama. Mkubwa wao ndiye aliyesema, "Mama, sisi hatuna neno na wewe, lakini baba bado tunamhitaji, na wewe umeshazika wanne."

Sikumjibu siku ile. Namjibu leo.

Mume wangu wa kwanza aliniposa Urambo mwaka 1976, nina miaka 18. Alikuwa mkulima wa tumbaku na mrina asali. Tumbaku ikishaondoka kwenda sokoni, yeye alichukua kamba, shoka na chakula akaingia porini kwenye mizinga yake wiki tatu, wiki nne. Huko ndiko mbung'o walikomkuta. Mwaka 1983 alianza kusinzia mchana. Ameshika jembe, anasinzia. Tonge la ugali liko mkononi, halijafika mdomoni, anasinzia. Usiku ndiyo halali, anazunguka uani akiongea na watu ambao mimi siwaoni. Ndugu zake walisema amerogwa, wakampeleka kwa mganga mmoja, kisha wa pili, na miezi ikapita. Tulipofika hospitali daktari alimtoa maji ya uti wa mgongo, akatuambia ni malale na yameshaingia kichwani. Alifariki mwezi wa pili mwaka 1984. Msibani mama mmoja wa ukoo wake alikuwa akiniangalia mikono yangu, siyo uso, mikono, kama mtu anayetafuta kitu kilichofichwa.

Wa pili alikuwa mfanyakazi wa reli. Nilikaa eda, nikalima misimu miwili peke yangu na watoto wawili, kisha nikapanda treni Urambo nikashukia Tabora kwa dada yangu, na hapo ndipo tulipojuana. Tuliishi miaka 13. Alikuwa na presha. Vidonge alimeza akijisikia vibaya, akipata nafuu anaviacha kabatini. Mwaka 1999 kiharusi kilimkuta alfajiri, ameinama anafunga kamba za viatu aende zamu.

Wa tatu alikuwa mfanyabiashara wa dagaa na mawese kutoka Kigoma. Tulipooana mwaka 2007 alikuwa na miaka 69, na alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 81, kitandani kwake, mjukuu wake amemaliza kumnyoa ndevu. Mtu wa miaka 81 akifa kwa uzee, jamani, mnamtafuta nani wa kumsingizia?

Hao ndio waume zangu. Hakuna wa nne.

Sasa huyo wa Marekani. Mjukuu wangu anasomea sheria Dar es Salaam. Alikuja likizo wiki ile ile ya kikao cha wale watoto, akanikuta sili vizuri. Kwanza alinisomea Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68: mwanamke aliyefiwa na mumewe yuko huru kuishi anapopenda, na yuko huru kubaki bila kuolewa au kuolewa tena na mwanamume atakayemchagua mwenyewe, mila iseme isemavyo, isipokuwa kama ndoa ilikuwa ya Kiislamu asubiri eda iishe. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Kisha akafunua kifungu cha 69, kinachomruhusu mtu kudai fidia kwa ahadi ya ndoa iliyovunjwa, akasema, "Bibi, kwenye hiki kuna kesi ya zamani ya mjane mmoja wa Virginia. Ngoja nikusimulie."

Niliposikia Virginia nilitega sikio. Sisi wa Urambo tumelijua jina hilo tangu utoto: tumbaku ya mvuke tunayoipandisha kwenye mabani, zile nyumba za kukaushia, ni ya mbegu inayoitwa Virginia. Sikuwahi kufikiri kwamba ni mahali, na kwamba mahali hapo waliishi wajane.

Mwanamke huyo aliitwa Cecily. Jina la baba yake halimo katika karatasi yoyote ya wakati wake. Alivuka bahari kutoka Uingereza kwa meli iitwayo Swan, na kwa maandishi ya sensa yao aliwasili Agosti 1610, kwa hiyo alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Alifika kwenye koloni lililokuwa limetoka tu kwenye njaa mbaya ya majira ya baridi ya 1609 na 1610, ambapo katika ngome ya Jamestown walibaki hai watu 60 hivi kati ya mamia. Walikula farasi, wakala mbwa, wakala panya. Waliobaki walikunywa maji ya mto uliochanganyika na chumvi ya bahari, wakaugua homa na kuhara damu. Kuanzia mwaka 1607 hadi 1624 walivuka maelfu ya watu kwenda huko, na hesabu ya 1625 iliwakuta hai kama 1,200 tu.

Hapo mimi nilimsimamisha mjukuu wangu. Nilitaka aniambie vizuri: nchi ambayo watu wanakufa hivyo, mwanamke akifiwa na waume wawili au watatu, kuna ajabu gani? Ajabu ni yeye kuwa hai. Na wanawake walikuwa wachache mno. Mwaka 1621 kampuni iliyoendesha koloni hilo ilileta wanawake 57 ili waolewe, na mwanamume aliyetaka kuoa mmoja wao alirudisha gharama ya safari kwa ratili 150 za tumbaku bora, ambazo ni kilo 68. Nimefunga tumbaku miaka mingi. Najua kilo 68 ni jasho la namna gani, tangu kitalu hadi kuchambua majani kwa madaraja, na nilipoisikia hesabu hiyo niliona kabisa yale majani yakipimwa mizani na msichana wa watu amesimama pembeni. Mahali kama hapo mjane hakuachwa akae. Waume walikufa haraka, na waliobaki walibisha hodi haraka zaidi.

Mume wa kwanza wa Cecily hakuacha kitu katika maandishi isipokuwa jina la ukoo, Baley, na mtoto wa kike aitwaye Temperance. Tunajua alikuwepo kwa sababu mtoto huyo, akiwa bado mdogo sana, alikuwa na ekari 200 zilizotajwa mwaka 1620 kama mpaka wa shamba la baba yake wa kambo. Baba wa kambo huyo ni Samuel Jordan, mtu mkubwa, mmoja wa wajumbe wa baraza la kwanza la koloni lililokaa mwaka 1619. Mwaka 1620 alipewa hati ya ekari 450, na kati ya hizo 100 zilihesabiwa kwa ajili ya Cecily mwenyewe, kwa kuwa alikuwa miongoni mwa wakazi wa mwanzo. Shamba lao liliitwa Jordan's Journey, ukingo wa kusini wa mto James. Machi 22, 1622 wenyeji wa nchi ile, ambao ardhi ilikuwa yao, waliwashambulia walowezi na kuua watu 347. Samuel Jordan alikusanya majirani nyumbani kwake, akazungushia boma la magogo, wakanusurika. Mmoja wa waliokimbilia hapo ni William Farrar. Mlikumbuke jina hilo.

Mapema mwaka 1623 Samuel Jordan akafa. Cecily alikuwa na mtoto Temperance, mtoto mwingine mdogo aitwaye Mary, na mimba tumboni.

Sasa sikilizeni. Siku ya tatu au ya nne baada ya kifo, mchungaji mmoja, Greville Pooley, alimtuma mshenga. Siku ya tatu! Mimi nimekaa eda mara tatu, miezi minne na siku kumi kila mara, nguo zile zile, harufu nzuri hupaki, na hata wanaume wakorofi wa mtaa walijua kupita mbali na mlango wangu. Mshenga alikuwa Kapteni Isaac Madison, ambaye kwanza hakutaka kujiingiza. Alipofikisha ujumbe, Cecily alijibu kwamba hana ubaya na Pooley, ila hataolewa na mtu yeyote mpaka ajifungue.

Niliposikia hapo nilisema, "Huyu alikuwa akijua." Eda ya mwenye mimba si ndiyo hiyo? Mpaka ajifungue. Alikuwa Mkristo wa Uingereza, hana habari na eda yetu, lakini mwili wake na mtoto wake vilimwambia jambo lile lile.

Pooley hakusubiri. Alirudi mwenyewe na Madison, wakanywa, naye akatamka maneno ya ndoa, ya kwake akayasema, kisha akayasema na ya mwanamke kwa niaba yake. Cecily aliomba habari hiyo isitangazwe, maana hakutaka isemwe amempenda mtu mwingine mapema hivyo baada ya mumewe kufa. Pooley akaitangaza. Cecily akakasirika, akasema angenyamaza ingemwendea vizuri zaidi, na akamkataa. Wakati huo William Farrar alikuwa hapo hapo nyumbani akisimamia pamoja naye mali ya marehemu, na ikawa huyo ndiye aliyemchagua.

Juni 1623 Pooley alishtaki. Gavana Francis Wyatt na baraza lake walisikiliza mashahidi, wakashindwa kuamua, wakaipeleka kesi London kwa meli. London nako hawakuamua. Na wakati karatasi zinazunguka baharini, kampuni yenyewe ilifutwa, mwaka 1624. Mwaka huo huo serikali ya koloni ilitoa tangazo lisomwe makanisani, kwamba mtu yeyote asifanye ahadi ya ndoa na watu wawili kwa wakati mmoja, au ataadhibiwa. Januari 1625 Pooley alichoka. Aliandika hati ya kumwachia, akajifunga kwa dhamana ya pauni 500 kwamba hatamdai tena. Ilipofika Mei mwaka huo, Cecily alikuwa ameolewa na Farrar.

Mtu anaweza kusema alimchezea mchungaji. Nimeshaambiwa hivyo na dada yangu nilipomsimulia. Mimi nasema mwanamke amefiwa juzi, ana mimba, ana watoto, nje ya boma kuna vita, na mbele yake kasimama mtu anayemsemea mpaka maneno ya kiapo chake. Lililo na uzito kwangu ni kwamba alikataa, akakaa na msimamo wake karibu miaka miwili mbele ya gavana, baraza na London nzima, na akaolewa na aliyemtaka. Sheria yao ilimpa mjane nguvu ambayo mke hakuwa nayo: mke hakuweza kushtaki wala kumiliki kwa jina lake, mjane aliweza, na theluthi ya ardhi ya marehemu ilikuwa ya kumtunza maisha yake yote. Kwetu sisi mke mwenye watoto hupata thumuni, na nimeona wajane wakinyimwa hata hiyo thumuni, wametolewa nje na godoro.

Farrar naye alifariki, kabla ya Juni 1637, maana mwezi huo mtoto wao mkubwa wa kiume alipewa hati ya ekari 2,000 kama mrithi wa marehemu baba yake. Kama Cecily alikuwa bado hai, hapo akawa mjane mara ya tatu, hajafika miaka 40. Baada ya hapo karatasi zinanyamaza juu yake.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Karatasi ziliponyamaza, watu hawakunyamaza. Vizazi vya baadaye, walioandika historia za koo zao, walimwongezea waume wawili. Kwa nini? Kwa sababu mtu mmoja aitwaye Peter Montague aliyekufa 1659 alikuwa na mke aliyeitwa Cicely. Basi. Jina limefanana, na hakuna karatasi hata moja inayosema ni mtu yule yule. Wa tano naye akapachikwa vivyo hivyo, na hesabu ikawa waume watano, na wengi wakainakili kama ilivyo, huyu kutoka kwa yule. Wakampa na jina la baba ambalo yeye mwenyewe hakuliandika popote. Wengine waliofanya kazi ya kurudi kwenye karatasi zenyewe wameonyesha wazi kwamba waume wenye ushahidi ni watatu.

Watatu, wakafanywa watano. Mhariri, niliposikia hivyo nilinyanyuka nikaenda nikasimama uani. Nilimlilia mwanamke ambaye simjui, wa dini nyingine, rangi nyingine, aliyekaa juu ya ardhi ya watu wengine. Nililia kwa sababu nimejua kumbe hata mwenye karatasi anaongezewa, sembuse sisi tusio nazo.

Nimlete na bibi yangu mzaa mama, ndipo wasomaji wanielewe.

Alikuwa mfinyanzi wa Usoke. Alikuwa msichana tayari reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na alipenda kusimulia walivyoikimbia treni ya kwanza. Alifiwa na waume wanne, na yeye ni wanne kweli, nimesikia kwa kinywa chake. Wa kwanza alichukuliwa upagazi katika vita ya Wajerumani na Wabelgiji. Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 19, 1916, yeye hakurudi, na hakuna aliyemletea hata kibuyu chake. Wa pili alikufa kwa malale, kipindi ambacho Waingereza walikuwa wakiwahamisha watu kutoka porini na kuwakusanya mahali pamoja kwa ajili ya mbung'o. Wa tatu, babu yangu, alikufa kwa kichomi. Wa nne, niliyemkuta hai na kumwita babu, alikufa uzeeni. Kijijini walimwita bibi Mla-waume, mbele ya watoto wake, mbele yetu wajukuu. Vyungu vyake walinunua. Chakula kilichopikwa na mikono iliyofinyanga vyungu hivyo walikikataa.

Alikuwa na desturi moja. Akikanda udongo, anapiga kiganja na kutaja jina: pigo la kwanza mume wa kwanza, pigo la pili wa pili, mpaka wa nne, kisha anarudia tangu mwanzo hadi udongo ulainike. Mimi nilikuwa mtoto wa kumchotea maji. Kibuyu kichwani, akili iko kwenye mchezo. Nilisikia majina yale pengine mara elfu. Leo nakumbuka mawili ya mwisho tu, kwa sababu ni ya babu zangu. Mawili ya mwanzo yamepotea. Nalisikia pigo, nauona udongo mwekundu umefika mpaka kwenye viwiko vyake, naiona midomo yake ikitamka, sauti haiji.

Karani wa kodi wa wakati ule alihesabu vibanda na kuandika wanaume wenye vibanda. Bibi yangu hakuulizwa na karani yeyote, maisha yake yote, jina lake ni nani, ana miaka mingapi na amefikaje hapo. Cecily aliulizwa. Januari 1625 mtu mwenye kalamu alifika Jordan's Journey akaandika: yeye miaka 24, Temperance miaka 7, Mary miaka 3, Margaret mwaka 1. Margaret huyo ndiye aliyekuwa tumboni siku ya ule uposaji wa siku ya tatu. William Farrar miaka 31, na meli iliyomleta, na watumishi kumi. Mistari michache tu. Miaka 400 imepita na mistari hiyo ndiyo inayomtetea asiitwe mke wa watu ambao hakuolewa nao.

Kwa hiyo nimenunua daftari la kaunta. Mjukuu wangu anaandika, mimi nasema. Tumeanza na mimi kwa mtindo ule ule wa karani wa Virginia: miaka 67, nimezaliwa Urambo, nimefika Tabora kwa treni mwaka 1986. Waume watatu, kila mmoja na jina lake, mwaka wa ndoa, mwaka wa kifo na ugonjwa. Kwenye ugonjwa mjukuu alitaka kuruka, akaona kama si adabu. Nilimwambia hapo usiruke, andika malale, andika presha na kiharusi, andika uzee. Mahali hapo ndipo watu walipojaza mikono yangu. Watoto wangu wanne, wa baba gani, wamezaliwa lini. Mzee wa dagaa hatukuzaa naye, ameandikwa vilevile.

Watoto wa jirani yangu waje waisome. Mlango uko wazi na chai ipo. Posa ya baba yao bado naifikiria, na jibu litakuwa langu na lake.

Ukurasa wa pili ni wa bibi. Juu tumeandika jina lake alilopewa na baba yake, siyo lile la kijiji. Chini kuna mistari minne ya waume, miwili imejaa, miwili mitupu. Sitaki kuijaza kwa kubahatisha. Ninachoomba, na ndiyo sababu ya barua hii ndefu, ni hiki: kama kuna mzee wa Usoke, au wa Urambo, au aliyehamia Kaliua na kwingineko, ambaye wazazi wake walinunua vyungu kwa mfinyanzi aliyekaa ng'ambo ya reli, mwanamke mrefu, mwenye chale tatu kila shavu, aliyekuwa akipiga udongo na kutaja majina, na anakumbuka jina la yule mpagazi aliyeondoka 1916 au la yule aliyekufa kwa malale, amwandikie mhariri. Hata jina moja. Hata kama hana uhakika ni lipi lilitangulia, alitaje tu, nadhani nikilisikia nitalitambua kwa pigo lake.

Mjane wa Isevya,
Tabora
(Jina langu kamili na anwani mhariri anavyo.)